Alama Hii Ni ya Nani?

Mawaidha kwa vijana wa Garissa, yaliyotolewa baada ya swala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhani

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.t.), aliyetuumba akatupa umbo zuri kuliko maumbile mengine. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Mwisho. Ama baad.

Wazee wetu, mama zetu mlio nyuma ya pazia, na nyinyi vijana ambao leo hasa nimekuja kwa ajili yenu: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Najua jua la leo limewachoma na koo zimekauka. Najua pia kwamba huko nyumbani sambusa zinakunjwa. Sitawaweka sana. Lakini nina jambo ambalo kwa kawaida hatulisemi msikitini. Tunalisema barazani, kwa kunong'ona, tena tukimsema mtoto wa mwingine. Jambo lenyewe ni tatuu. Hii michoro ambayo vijana wanajichora mikononi, shingoni na vifuani, na maana yake huko mitaani na magerezani inakotoka.

Kijana wa mferejini

Ramadhani iliyopita nilimwona kijana mmoja hapa nje, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Adhana ikilia, watu wote wanakimbilia mifereji kutia udhu. Yeye anasimama kando, chini ya mwarobaini, anajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kwenye kiwiko cha mkono, na joto la Garissa mnalijua. Watu wakishaingia wote, ndipo anasogea mferejini, anaangalia huku na huku, anakunja mikono haraka haraka. Rakaa ya kwanza inampita kila siku.

Mimi, Allah anisamehe, nilimdhania uvivu. Siku ya nne nikamwendea. Nikamwambia, "Walaal, mbona kila siku unachelewa na uko hapa kabla ya adhana?"

Alinyamaza. Kisha akafungua kifungo, akakunja mkono wa shati. Kuanzia kwenye kifundo mpaka karibu na kisugudi, mkono umechorwa: kisu, na jina la genge lake, kwa wino uliokwisha kugeuka rangi ya kijani.

Akasema, "Macalin, hii niliwekwa Nairobi. Sasa nimerudi kwa mama yangu. Nataka kuswali. Lakini niambie mambo mawili. Udhu wangu unasihi? Na hawa watu wakiiona, watasimama na mimi safu moja?"

Ndugu zangu, swali la kwanza ni la fiqhi, nalo lina jibu. Swali la pili si langu peke yangu kulijibu. Ni lenu. Ndiyo sababu nimewaketisha hapa.

Alama ya ngamia

Tuanze na kitu tunachokijua. Nani hapa hajawahi kufika soko letu la mifugo? Ngamia anapoletwa sokoni, mtu mzima hamwulizi mwenye kumkokota, "Huyu ni wa nani?" Anamwangalia shingo, anamwangalia paja. Kuna sumad pale, alama ya chuma cha moto, na ile alama inasema yenyewe: huyu ni wa ukoo fulani. Ngamia akipotea mpaka ng'ambo ya Tana, akipita mikono kumi, alama haisahau. Inamrudisha kwa mwenyewe.

Na hilo halina ubaya. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba alimkuta Mtume (s.a.w.) ameshika chuma cha kutilia alama, anawatia alama ngamia wa zaka wajulikane. Lakini Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona punda aliyechomwa alama usoni, akamlaani aliyefanya kitendo kile. Mwaona mipaka hiyo? Mnyama anatiwa alama kwa sababu ni mali, ana mwenyewe. Na hata yeye uso wake una heshima.

Sasa niulize. Kama punda amehifadhiwa uso wake, wewe mwanadamu, uliyepewa akili na Qur'ani, nani amekuambia ukae chini utiwe chapa? Na hiyo chapa inasema wewe ni mali ya nani?

Chapa ilianza kwa mfungaji

Kuna jambo vijana wengi hawalijui. Alama ya gerezani haikuanza kama ushujaa. Ilianza kama adhabu.

Kule Japani, kuanzia karne ya 18, mwizi alichorwa mistari ya wino mkononi kwa amri ya serikali, ili kila atakayemwona ajue. Kule Urusi, wafungwa waliopelekwa kazi ngumu walitiwa herufi za chapa usoni, kwenye mashavu na kipaji, mpaka desturi hiyo ilipofutwa mwaka 1863. Mwenye nguvu alimwandika mnyonge mwilini kama anavyoandikwa mnyama. Baadaye wafungwa wenyewe wakaichukua ile aibu wakaigeuza kuwa cheo. Kwenye magereza ya Urusi nyota zilizochorwa magotini zikawa na maana kwamba huyu hampigii magoti mtu yeyote. Katika magereza ya nchi nyingi, nukta nne na moja katikati ni kuta nne na mfungwa ndani yake. Utando wa buibui kwenye kisugudi ni miaka aliyoipoteza jela. Tone la chozi chini ya jicho, kule Marekani, linaweza kuwa na maana kwamba mtu ameua, au amefiwa, au amekula kifungo kirefu.

Na huchorwa vipi? Si kwa mashine safi ya dukani. Ni sindano moja, au waya ulionolewa, na masizi ya mpira au plastiki iliyochomwa, au wino wa kalamu. Sindano hiyo hiyo inapita kwa watu kumi. Hapo ndipo mtu anapopata virusi vya UKIMWI na ugonjwa wa ini, hepataitisi B na C. Anatoka na jina la genge kwenye ngozi, na maradhi kwenye damu.

Vijana, mtu anayejichora magoti kwa kiburi kwamba hapigi magoti, sisi tunamwonea huruma. Sisi tunapiga magoti mara tano kwa siku, tena kwa hiari, kwa Mmoja tu. Na anayempigia magoti huyo Mmoja hana haja ya nyota.

Namba za Afrika Kusini

Msije mkadhani haya ni ya Wazungu na Wajapani. Tuje Afrika yetu. Magereza ya Afrika Kusini yametawaliwa kwa zaidi ya miaka mia na magenge yanayoitwa kwa namba: 26, 27 na 28. Kijana akiingia jela kama ya Pollsmoor kule Cape Town, namba inamngojea. Ya 26 ni watu wa pesa na ujanja. Ya 27 ni watu wa damu. Ya 28 wana mambo wanayowafanyia wafungwa wenzao ambayo mbele ya mama zetu sitayataja. Namba inachorwa mwilini, na ukishaichora, wanasema, hutoki mpaka kaburini. Wapo vijana wa Kiislamu pia walioingia humo, kwa maana Cape Town ni mji wa Waislamu tangu karne ya 17.

Lakini sikilizeni chanzo chake. Magenge haya yanajinasibisha na mtu mmoja, Mzulu aliyezaliwa mwaka 1867, Mzuzephi Mathebula, aliyejulikana kwa jina la Nongoloza. Mwishoni mwa karne ile alikusanya majambazi kwenye vilima vya kusini mwa Johannesburg. Akawapanga kama jeshi, wenye vyeo na sheria. Akawaita watu wa Ninawa, kwa sababu alisoma katika Biblia habari za mji wa Ninawa ulioasi.

Subhanallah! Ninawa ni mji wa nani? Ni mji wa Nabii Yunus (a.s.). Nongoloza aliusoma uasi wao, akauchukua. Mwisho wao hakuuchukua. Sisi tunausoma katika Suratu Yunus: ni watu walioamini kabla adhabu haijawafika, na Allah akawaondolea. Ninawa ni mji uliotubia.

Na la ajabu zaidi, Nongoloza mwenyewe aliacha. Mwaka 1912 aliwaeleza wakuu wa magereza habari zake zote, akaachana na jeshi lake, kisha akawa askari wa gereza. Mwenye genge ametoka. Vijana waliozaliwa miaka mia baadaye, hawakumwona, hawajui kaburi lake, bado wanajichora alama zake na kuuana kwa ajili yake. Yeye alirudi nyumbani, mifugo yake bado ina chapa.

Watoto wa wakimbizi

Mfano wa pili ni wa mbali kwa njia, lakini kwetu sisi tulio karibu na Dadaab ni wa karibu sana. Nchi ya El Salvador ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia mwaka 1980 mpaka 1992. Watu walikimbia na watoto wao, wengi wakafika Los Angeles. Wale watoto walikuwa wageni mtaani: lugha hawajui, shuleni wanachekwa, mitaa ina magenge ya wengine. Wakatafuta kinga. Wengine wakaanzisha genge lao, MS-13, wengine wakaingia Mtaa wa 18. Alama zao wakajichora mwili mzima, mpaka usoni. Kumi na tatu ni nafasi ya herufi M katika alfabeti.

Baada ya vita Marekani ikaanza kuwarudisha kwao kwa maelfu. Wakarudi na alama zao, wakakuta nchi maskini iliyochoka, na genge la Los Angeles likawa genge la taifa zima. Walioua ni wengi, hilo hatulifichi.

Kisha ikaja zamu ya alama kudai deni. Mwezi wa Machi mwaka 2022 serikali ya huko ilitangaza hali ya hatari, na tangu hapo watu zaidi ya 80,000 wametiwa ndani. Askari hakuhitaji kuuliza sana, alimvua kijana shati. Wenye makosa walikamatwa, na pamoja nao wakakamatwa watu walioacha genge miaka mingi nyuma, wana wake, wana watoto, wana kazi. Moyo wao ulikuwa umetubia, ngozi yao bado inatoa ushahidi wa zamani. Wakubwa wa magenge, wao ni werevu: kabla ya hapo walikwisha kuwaambia wanaojiunga wapya wasijichore, polisi wanawatambua. Aliyebaki na chapa ni yule mdogo aliyetumwa zamani.

Na mwezi wa Machi mwaka 2025 Marekani iliwapeleka Wavenezuela zaidi ya 200 kwenye gereza kubwa la El Salvador kwa madai kwamba ni wa genge. Familia na mawakili walilalamika kwamba kwa wengi wao ushahidi mkubwa ulikuwa tatuu: taji, timu ya mpira, jina la mama. Walikaa humo mpaka mwezi wa Julai ndipo wakarudishwa kwao. Tazameni basi. Wewe unaichora kwa maana yako, na anayeisoma anaisoma kwa maana yake. Huwezi kusimama kando ya mkono wako kila mahali ukiutolea tafsiri.

Na sisi hapa kwetu?

Tusijidanganye kwamba ni mambo ya ng'ambo. Nairobi na Mombasa majina ya magenge tunayasikia: Superpower kule Eastleigh, Gaza kule Kayole, Wakali Kwanza na Wakali Wao kule Mombasa. Na kijana wa Kayole alipojiita Gaza hakuwa anawakumbuka ndugu zetu wa Palestina. Jina lile lilimfikia kupitia muziki wa Jamaika.

Nataka kusema kwa uadilifu: si kila mwenye tatuu ni mhalifu. Wengi ni vijana walioona msanii kachora, mchezaji kachora, wakachora. Lakini alama zina ukoo wake, kama sumad. Ukiivaa alama ambayo hujui ilikotoka, siku moja utakutana na mwenyewe, au na adui wa mwenyewe, au na askari anayemtafuta mwenyewe.

Na sisi watu wa huku, alama tumezijua kwa uchungu. Wakati wa mkoloni mwanamume Mwafrika katika nchi hii alivalishwa kipande kwenye kikopo cha chuma, kinaning'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliitwa kuchunguzwa peke yao, wakapewa kadi ya pinki ya kuthibitisha kwamba wao ni Wakenya. Waulizeni wazee walioketi hapa. Waliona ni fedheha, kwa sababu mwingine ndiye aliyewatia alama ya kuwatenga. Leo mjukuu wa mzee huyo anatoa pesa mfukoni ili atengwe!

Lakini niwaulize na wazee. Kwa nini anatoa? Yule kijana wa mferejini nilimwuliza. Akaniambia, "Macalin, nilipofika Nairobi nilikuwa na miaka kumi na sita. Nililala njaa siku mbili. Wa kwanza kuniuliza jina langu ni wao."

Wa kwanza kumwuliza jina lake. Kumbe genge linauza kitu ambacho sisi tulitakiwa kukitoa bure: jina, kundi, mtu wa kukutetea, sahani ya kula pamoja. Kijana aliyemaliza shule hana kazi, anashinda kwenye miraa, nyumbani akiingia ni kelele, msikitini akiingia ni kuambiwa suruali yako, nywele zako. Akitokea mtu akamwambia, "Wewe ni wetu," atampa mkono. Na mkono akishautoa, utachorwa.

Dini inasemaje?

Hukumu iko wazi. Kuchora mwili kwa kuchoma sindano na kutia wino, kwa Kiarabu washm, ni haramu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuchora na mwenye kuomba achorwe. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, Allah ametujulisha kwamba ni katika ahadi za Shetani kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah.

Tusichanganye mambo. Hina ya mama na dada zetu si washm, inakaa juu ya ngozi na inafutika. Makovu ya moto ambayo wengi wetu tunayo tumboni au mikononi, tuliyochomwa utotoni kwa ugonjwa wa manjano, yale yalikusudiwa kuwa tiba. Na aliyechorwa kwa nguvu, au akiwa mtoto asiyejua, hana dhambi ya kitendo asichokitaka.

Sasa swali la kwanza la yule kijana: udhu wake unasihi? Jibu ni ndiyo. Wino wa tatuu uko chini ya ngozi, na maji yanafika juu ya ngozi. Si kama rangi ya kucha inayozuia maji. Kuhusu kuitoa, wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kwamba mahali pale damu imechanganyika na rangi, kwa hiyo mwenye kujichora kwa hiari yake anatakiwa aiondoe ikiwa ataweza bila madhara. Akihofia madhara, kiungo kuharibika au kubaki na kasoro mbaya, haimlazimu. Toba inamtosha, na swala yake ni sahihi.

Kwa hivyo, vijana, wallahi msijiumize. Asiende mtu akajipaka tindikali ya betri au akajichoma kwa chuma ili afute. Siku hizi kuna kuondoa kwa leza, kwa daktari, kwa awamu nyingi na kwa gharama. Mwenye uwezo aende. Asiye na uwezo, Allah haikalifishi nafsi isipokuwa kwa kadiri ya uwezo wake.

Na yule anayesema, "Mimi nimeshachafuka, potelea mbali," akaisome Suratuz-Zumar, aya ya 53. Pale Allah anawaita waliozidisha makosa juu ya nafsi zao, anawaita waja Wake, anawakataza wasikate tamaa. Waja Wake! Genge linasema wewe ni wetu. Mola wako anasema wewe ni Wangu. Sasa chagua mwenyewe.

Mkono wa Asmaa bint Umays

Nimefika kwenye swali la pili, lililo gumu. Watu wakiiona, watasimama naye safu moja?

Nawapa habari moja. Asmaa bint Umays (r.a.) mnamjua. Ni katika wa mwanzo waliohajiri kwenda Habasha, nchi jirani yetu, pamoja na mumewe Jaafar. Baadaye aliolewa na Abubakar (r.a.), kisha na Ali (r.a.). Imepokewa kutoka kwa Qays bin Abi Hazim kwamba aliingia kwa Abubakar akiwa mgonjwa, akamwona Asmaa anampungia, na mkono wake una michoro ya washm. Wanachuoni wakaeleza kwamba huenda aliichora zama za Jahiliyya, kabla ya kukatazwa.

Fikirini jambo hilo. Nyumba ya Khalifa wa Mtume wa Allah, na mkono unaomhudumia una alama ya Jahiliyya. Hakufukuzwa. Hakuambiwa afunike asionekane. Alama ilibaki ngozini, na yeye ni Swahaba mtukufu, tukimtaja tunamwombea radhi. Maswahaba wote walitoka mahali. Kila mmoja alikuwa na jana yake. Kama wangekaguliwa mikono mlangoni, msikiti wa Madina ungebaki na watu wangapi?

Mzee wangu, unapomwona kijana mferejini amekunja shati na mkono umechorwa, usimtolee macho. Usimwulize, "Hii nini?" mbele za watu. Allah amemsitiri, nawe msitiri. Sogea, mwachie nafasi, bega kwa bega, mguu kwa mguu. Hujui ametembea umbali gani mpaka akafika kwenye ule mfereji. Wewe umetoka nyumbani kwako dakika tano. Yeye pengine ametoka mahali ambapo wenzake wanamngoja bado.

Mama yangu, mwanao akirudi na alama, usianze na alama. Anza na chakula. Usiku huo mwache ale daku, alale. Maneno yapo, hayataoza.

Na nyinyi viongozi wa vijana, tuache kutoa mawaidha ya haramu peke yake. Tumwulize kijana jina lake kabla genge halijamwuliza. Ramadhani hii tunafuturisha watu hapa kila siku. Hebu kila mmoja wenu ahakikishe sinia lake lina kijana mmoja ambaye si rafiki yake.

Alama ambayo haifutiki

Namalizia, maana naona wengine mnaangalia saa.

Imepokewa na Muslim kwamba Maswahaba walimwuliza Mtume (s.a.w.): atawajuaje watu wa umma wake ambao hawajaja bado, ambao hajawaona? Akawapigia mfano wa mtu mwenye farasi wenye weupe usoni na miguuni, wamechanganyika na farasi weusi tititi. Je, mtu yule hatawajua farasi wake? Wakasema atawajua. Basi akawajulisha kwamba umma wake watakuja Siku ya Kiyama wanang'ara nyuso na viungo kwa athari ya udhu.

Mwaona? Nayo ni alama! Mtume wetu (s.a.w.) atatutambua kwa alama, kama mfugaji anavyomtambua mnyama wake katika kundi kubwa. Lakini hii haichomwi kwa moto, wala haichorwi kwa sindano ya kukopeshana. Ni maji tu. Uso, na mikono mpaka visugudini. Ule ule mkono.

Hilo ndilo nililomwambia yule kijana. Nikamwambia, "Walaal, genge limekuandika juu ya mkono huu mara moja. Wewe unauosha mara tano kila siku. Ngoja uone siku ile ni alama ipi itakayosomwa." Siku iliyofuata alikuja kabla ya iqama. Bado alikuwa na mikono mirefu. Lakini aliikunja mbele yetu, na mzee mmoja aliyekuwa jirani yake kwenye mfereji akamsogezea birika, hakusema neno. Nami sikutaka zaidi ya hapo.

Ewe Allah, turudishe kwako vizuri. Waliopotea kati ya vijana wetu warudishe, walioko magerezani watilie nuru, walio na alama wanazozijutia wakubalie toba zao, na mama zao wapoze mioyo. Tujaalie tuwe katika watakaotambuliwa siku hiyo kwa nuru ya udhu. Ewe Allah, pokea saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.